Gari la Harusi Lisilo na Vitasa

Guangzhou, chumbani kwetu

Mwanangu Sauda,

Salamu siziandiki, maana leo tumesalimiana kutwa nzima, na hali yako sikuulizi, maana naisikia kutoka nyuma ya pazia: unakoroma. Umelikataa jambo hili tangu ulipofika hapa. Kesho kutwa utalala chumba kimoja na wasichana wenye masikio mazima, nao watanitetea.

Habari za sweta, soksi za sufu na maji ya kuchemsha sizigusi. Mama Neema wa chumba cha pili amekuhutubia tangu alasiri, na yule mama akishamhutubia mtu, baba mzazi hana cha kuongeza. Nimemsikia akikwambia kwamba huko Changchun, kwenye chuo chako, mate yanaganda kabla hayajafika chini. Yeye mwenyewe safari zake za kaskazini ziliishia Mwanza kwao. Lakini alikuwa anakufungia maandazi huku akisema, na sauti yake ilikuwa inakwaruza.

Nakuandikia kwa sababu jioni uliniuliza kitu na mimi sikukujibu.

Ulikuwa umepiga magoti mbele ya begi lako, unakunja lile koti zito. Ukasema bila kunitazama, "Baba, nikiahirisha chuo mwaka mmoja tu, utanikasirikia?"

Nami nikasema, "Chai inapoa."

Ndilo jibu ulilopata kutoka kwa mtu aliyekuzaa. Ukaja ukanywa. Haikuwa imepoa hata kidogo; niliona ilivyokuunguza ulimi. Kisha ukaenda kulala, na begi ukaliacha wazi, nguo nusu ndani na nusu juu ya kiti.

Nalitazama begi hilo sasa hivi. Mtu anayesafiri kesho hufunga mzigo wake. Wewe umeuacha hivyo ili asubuhi niseme neno moja. Hata si neno. Nikikohoa tu kwa namna fulani, nikishika kiuno, nikilalamika habari za ngazi za ghorofa hizi sita, utatoa zile nguo na kuzitundika tena msumarini, na utaniambia umeamua mwenyewe. Nakujua. Kwa hiyo nimeona ni salama zaidi niandike kuliko kusema, kwa sababu mdomo wangu umeshaonyesha leo kwamba hauaminiki. Barua hii utaikuta juu ya viatu vyako. Isome kabla ya kugusa begi.

Najua kwa nini umeuliza. Ni hili sikio langu la kulia, ambalo nyundo za kunyooshea bodi zilimaliza kazi yake kwenye gereji za Gerezani, Dar es Salaam, kabla wewe hujazaliwa. Mwaka huu wote, ukitoka kwenye darasa lako la lugha unakuja sokoni Guangyuan Xilu, unasimama kushoto kwangu, na muuzaji akitaja bei unanisogelea na kunimiminia sikioni kwa Kiswahili. Kabla hujaja nilifanya biashara kwa kutikisa kichwa. Mtu akisema nami kwa adabu, nami namtikisia kichwa kwa adabu, na ndivyo nilivyonunua yale makoti yenye manyoya ya bandia nikayafikisha Dar es Salaam mwezi wa kumi na mbili. Mjomba wako alinipigia simu akaniuliza kama nimeanza kufuga kondoo. Kichina changu mpaka leo ni maneno matano. Manne ni ya kukataa. La tano ni laoban, yaani bosi, ambalo sokoni humu kila mtu anamwita kila mtu, kwa hiyo halinifikishi mbali.

Haya yote ni kweli na siwezi kuyakana. Lakini ngoja kwanza tuzungumze habari za Jumapili.

Wewe ndiye uliyeliona lile tangazo Zhanqian Road, limebandikwa kwenye nguzo kati ya matangazo ya mashati: onyesho la magari ya zamani ya Kimarekani, yaliyokatwa na kuundwa upya, yameletwa na wenyewe kutoka Hong Kong, uwanjani kwa hoteli moja nyuma ya stesheni. Nilisema nimechoka. Ulipokuwa unafunga kamba za viatu, mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Sijui kama uliniona nilivyokuwa pale. Ilikuwa kama mtu ameufungua ujana wangu akauweka juani ili watu wauzunguke na ice cream mikononi. Lile jekundu lisilo na boneti, injini yote nje, mabomba yanang'aa, magurudumu ya mbele membamba na ya nyuma manene, limeinama mbele kama mtu anayetafuta sarafu aliyoangusha. Lile jeusi lililoshushwa mpaka ungedhani halina magurudumu, na paa limekatwa hadi madirisha yamekuwa kama macho ya mtu aliyetoka gizani. Lile lenye ndimi za moto zilizochorwa ubavuni. Na wale vijana wa Kifilipino jukwaani, nywele zimepakwa mafuta zikasimama mbele kama shungi la jogoo, wanapiga ule muziki wa roki wa zamani, na yule wa besi amelishika lile gitaa lake kubwa kama kabati, analipiga makofi kama analidai.

"Baba," ukaniambia, "tembea kama mgeni. Unatembea kama trafiki."

Nilikuwa nimefunga mikono nyuma. Nikaifungua, lakini sikujua niiweke wapi, nikaifunga tena.

Halafu nikaanza kutamba, kama unavyokumbuka. Tukasimama mbele ya lile la rangi ya komamanga, nikakwambia kwa sauti ya kiziwi, yaani sauti ya kusikika hoteli nzima, "Hili paa lake halijaguswa. Hili ni la kiwandani kabisa."

Wewe ukachuchumaa. Ukafumba jicho moja. Ukazunguka upande wa pili, ukachuchumaa tena, na walinzi wakaanza kukutazama.

"Baba, limekatwa."

"Halijakatwa."

"Angalia nguzo ya nyuma ilivyolala kuliko ya mbele. Wametoa kama vidole vitatu, halafu wakakivuta kioo cha nyuma kifuate mteremko. Ndiyo maana unaliona kama la kiwandani. Wamelikata vizuri."

Nikakwambia huna adabu. Ukaenda kumwuliza mwenyewe.

Yule bwana alikuwa rika langu, amekaa kwenye kiti cha kukunja, koti la ngozi katika joto lile, anatafuna mbegu za tikiti. Kichina chake cha Hong Kong na chako cha darasani vilikutana njiani kwa shida, lakini vilikutana. Alikusikiliza, akatema maganda, akasimama. Akasema maneno mengi sana. Akakuzungusha gari zima, akakuonyesha kwa kidole mahali walipochomelea, akakufungulia mlango uketi ndani. Mimi nilipotaka kuingia akatikisa kidole. Nilipokuuliza amesema nini, mtafsiri wangu ukanipa neno moja: "Anasema ndiyo."

Tukiwa njiani nikakudai maneno yaliyobaki. Ukasema, "Aliniuliza kazi hii nimejifunza wapi."

"Ukamwambia wapi?"

"Nikamwambia kwa Mama."

Nilicheka, nadhani. Lakini ulinikuta nimelipita lango la nyumba yetu, naendelea na barabara, ikabidi univute shati. Nilikuwa nimeshajiandaa kusikia "kwa Baba." Nilikuwa nimeshaupanga na unyenyekevu wa kulipokelea.

Tutafika huko. Kwanza ile harusi.

Unaijua. Jumapili niliisimulia tena palepale, wakati yule bwana alipobonyeza kitu chini ya madigadi na mlango ukaruka wazi wenyewe, mlango mzima laini kama yai, hauna kitasa. Wewe ulitafsiri, na yeye akacheka mpaka akaliegemea gari ambalo ameandika watu wasiliegemee. Lakini huwa naisimulia kama kichekesho, nakatisha pale watu wanapocheka. Leo nitaipeleka hadi mwisho.

Lile gari langu nililikuta Upanga nyuma ya nyumba ya Mhindi mmoja, la mapezi nyuma, refu kama mashua ya mizigo, kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Nilikuwa kijana, fundi bodi, na nilijiona. Karatasi moja ya gazeti la Kizungu, iliyofungiwa misumari dukani, ilikuwa na picha ya gari kama lile, limeshushwa, halina vitasa. Kule kwao wanafungua vipi? Picha haikusema. Nikakaa na swali hilo majuma kadhaa, kisha nikachukua sumaku ya starter bovu, nikaifunga ndani ya mlango ivute komeo, nikapitisha waya hadi kwenye swichi niliyoificha. Ukibonyeza, mlango unafunguka. Mtaa mzima ulikuja kubonyeza. Nikaona haitoshi, nikaiondoa na kamba ya boneti, nayo nikaitia umeme. Vile vishikio vya kuzungushia vioo nilikuwa nimevipeleka kung'arishwa, na fundi wa kung'arisha alikuwa amesafiri msibani. Siku ya harusi yangu gari lilikuwa zuri kiasi kwamba hakuna aliyeuliza mtu anatoka vipi.

Honi tulipiga kutoka Kariakoo hadi Magomeni, taa zinawaka mchana kutwa kwa ajili ya picha, na mimi nilikuwa nimekata springi mpaka kila tuta tulilipita kwa kukwaruza. Tulipofika, nikazima injini, nikashuka mimi kwanza, nikaubana mlango kwa madaha. Nyuma walikuwa mama yako na somo yake Bi Mwanahawa, mwanamke mpana, aliyekuwa amemfunda bibi harusi juma zima namna ya kukaa na mume. Nikabonyeza swichi. Kimya. Nikabonyeza tena. Betri ilikuwa imekwisha.

Ngoma inalia, wanawake wanapiga vigelegele, na bibi harusi amefungiwa ndani ya gari lisilofunguka, juani, na kioo hakishuki. Kulikuwa na kile kidirisha kidogo cha pembetatu tu. Wakawa wanampitishia Bi Mwanahawa maji kwa kikombe cha kahawa, na yeye anakipokea na kutoa maneno ambayo hayamo katika mafunzo ya unyago. Betri nyingine ilipatikana kwenye lori la jirani, lakini tuitie wapi? Boneti nayo imefungwa kwa umeme. Shemeji zangu wakashika mawe wavunje kioo. Nikawaambia, wallahi, anayevunja kioo hicho na anivunje mimi kwanza. Nilimaanisha, Sauda. Mke wangu anachemka ndani, na mimi nalinda kioo.

Mwisho nikalala chini, na kanzu na joho langu la kukodi, nikajisukuma chini ya gari na waya za betri ya lori, kuitafuta starter kwa kupapasa, maana umeme wa gari ungeweza kuingilia hapo. Mafuta machafu yananidondokea usoni. Nilipotoka na mlango umefunguka, mama yako alikuwa ameshapitisha leso yake kwenye kile kidirisha. "Jifute," akaniambia. "Nimekubali kuolewa na fundi, sikukubali kuolewa na mkaa."

Hapo ndipo watu hucheka, na hapo ndipo huwa naishia.

Miezi michache baadaye nilikuwa chini ya gari lilelile, pale uani, nazirudisha springi ndefu kwa sababu Magomeni ilikuwa imenishinda. Nilikuwa nauona ulimwengu kwa urefu wa shubiri mbili. Nikaiona miguu ya mama yako inakuja, ina hina ya harusi iliyokwisha kufifia, ikasimama karibu na gurudumu. Akasema, "Zile karatasi za chuo cha ualimu zimekuja. Wamenichukua. Ni bara, miaka miwili." Nikasema, "Eeh." Akasema, "Nikibaki, utaona sawa?"

Nilijua jibu. Nilikuwa na jibu zuri kabisa mdomoni, kwa sababu nilimpenda na nilijua anavyokitaka chuo kile. Alikuwa ameniambia kabla hata hatujaposana. Lakini pia niliiona nyumba bila ile miguu inayopita uani. Nikasema, "Hebu nipe spana kumi na saba hapo kwenye ndoo."

Akanipa. Spana sahihi, hakukosea. Miguu ikasimama kidogo, kisha ikaondoka, na habari ya chuo haikuzungumzwa tena katika nyumba yetu.

Hakuwa mtu wa kununa. Ningependa uamini hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa. Alicheka, alinipikia, alinitania mbele ya wateja. Lakini unakumbuka ile milango ya akiba iliyoegemezwa ukutani pale uani, niliyokuwa nimeipiga rangi ya kwanza ya kijivu na sikuwahi kuimaliza? Rangi ile inashika chaki vizuri kuliko ubao wa shule. Siku moja nilirudi nikakuta herufi zote, kubwa na ndogo, kwenye mlango wa kulia, na watoto wa majirani wameketi chini. Nikataka kugomba, maana chaki inaharibu rangi. Mama yako akasema, "Mlango huu unangoja gari gani?" Tangu hapo ukawa wake. Wewe ulijifunzia kusoma hapo. Na kwa kuwa mlango una mkunjo mrefu katikati, ule wa kiwandani, alikuwa anawaambia mfumbe jicho moja muutazame kutoka chini kama mstari umenyooka, ndipo mwandike juu yake. Nilikuwa napita na nyundo yangu, nawaona mmechuchumaa wote na jicho moja, nasema moyoni, huyu mwanamke anapoteza wakati wa watoto.

Kwa hiyo ulimjibu sawa yule bwana wa Hong Kong. Mimi nilikuwa sijui kwamba lile lilikuwa somo.

Alipotutoka nilikuwa naye, na hilo nashukuru. Tulizungumza mengi katika zile siku za mwisho. Habari ya chuo sikuigusa. Nilidhani kuitaja ni kumwonea. Sasa naona nilikuwa naomba spana tu, kwa namna nyingine.

Na jioni ya leo, mwanangu, nilipokwambia chai inapoa, neno lilikuwa halijaisha mdomoni nikajisikia niko chini ya gari. Nilitaka kulirudisha. Wewe ulikuwa umeshachukua kikombe.

Sasa nitakwambia nitakavyokuwa ukiondoka, na nitakwambia kweli, kwa sababu mzazi anayesema "usinijali mimi" husema kwa sauti ya kumfanya mtoto ajali zaidi. Nimeifanya sauti hiyo, naijua.

Nitakuwa mpweke. Juma lote litapita, soko litanimeza. Nitasimama Guangyuan Xilu katikati ya mikokoteni, muuzaji atataja bei, nami nitageuka kushoto niseme "Anasemaje?" na kushoto patakuwa na mpagazi mwenye robota kichwani, atanitazama, nitamtikisia kichwa kwa adabu, na Mungu anajua nitakuwa nimenunua nini. Ijumaa nitakwenda kwenye ule msikiti wa zamani wenye mnara mwembamba. Tutapeana mikono na wenzangu wa Unguja, tutaulizana habari za makontena, kisha kila mtu atarudi kwenye marobota yake. Jumapili ndiyo siku mbaya. Mama Neema anakwenda ibadani, ghorofa inakuwa tupu, na mimi nitashuka hadi chini, nitasimama mlangoni, nitapanda tena. Kabla hujaja nilikuwa naweza kumaliza Jumapili nzima bila kutumia sauti yangu. Jumatatu nikimsalimu mtu inatoka na kutu, ikabidi nikohoe kwanza.

Nilipokuwa peke yangu niliuzoea upweke, ndivyo nilivyojiambia. Kisha ulipokuja na begi lako na pazia lako la maua, usiku wa kwanza ukanigombeza kwa kuweka soksi juu ya jiko la umeme, nikatambua kwamba sikuwa nimezoea kitu. Nilikuwa nimekaa kimya tu.

Hayo nimekwambia ili usiyatafute mwenyewe kwenye sauti yangu ya simu. Yapo. Ukiyasikia usidhani umegundua siri. Hayo ni yangu, nimeyapata kwa umri wangu na kwa biashara niliyoichagua, na hayakuhusu wewe kuyaponya. Mama yako hakukufundisha uani kwetu ili wewe ukae Guangzhou kuwa sikio la mtu.

Ushauri sina mwingi. Nikiwa fundi nilijifunza kwamba bati likishakatwa haliongezeki, na mimi nilikata mapaa ya watu mawili matatu kwa pupa ambayo mpaka leo wenyewe wanaendesha shingo upande. Kwa hiyo pima, lakini ukishapima, kata. Nimeona mafundi waliokata nusu wakaogopa. Hayo ndiyo magari yaliyooza uani. Na jambo la pili, ambalo ni lako na mimi: ukiniuliza kitu nami nikakujibu habari za chai, niulize mara ya pili. Nikakujibu habari za mvua, niulize mara ya tatu, nishike shati kama ulivyonishika Jumapili. Mama yako aliuliza mara moja tu. Alikuwa na heshima kupita kiasi. Wewe hiyo hukuirithi, na kwa mara ya kwanza naona ni bahati.

Swali lako sasa. Ukiahirisha mwaka mmoja, nitakukasirikia?

Ndiyo. Nitakukasirikia sana. Si siku ya kwanza. Siku ya kwanza nitafurahi, nitakununulia bata wa kuchoma kwa wale Waislamu wa kona, nitacheka ovyo. Juma la pili nitaanza kukutazama unavyonitafsiria bei za soksi kwa akili ile iliyomfanya mzee wa watu ateme mbegu zake na kusimama, na nitaanza kukuchukia kidogo, na kujichukia zaidi, na hakuna hata mmoja wetu atakayesema. Tutanyweshana chai ya moto mpaka mwaka uishe. Kisha utaahirisha mwingine.

Funga begi, Sauda. Koti zito liweke juu, utalihitaji kabla treni haijafika.

Jambo la mwisho nililifanya ulipokwisha kulala, na najua litakuudhi. Nilishuka ghorofa ya tatu kwa yule Mkongo anayenunua viatu soko la Zhanxi, Papaa Bonifasi, yule anayelala sakafuni kwa wenzake tangu alipofika. Nikamwambia nina kitanda kimoja kitupu kuanzia kesho mchana, chenye pazia la maua. Akafurahi. Nikamwambia sharti moja, akichukue mwaka mzima, tuandikiane, na nisiweze kumtoa kabla.

Akanitazama. "Papaa, mwaka muzima juu ya nini? Nani atanifukuza?"

"Mimi," nikamwambia.

Akadhani namtania. Lakini alitia sahihi, nami nikatia. Kwa hiyo mwezi wa pili nikikupigia simu, baridi imekukamata huko na sauti yangu imelegea huku, nikakwambia rudi nyumbani mwanangu, usinisikilize. Hakuna pa kulala.

Baba yako